Kidirisha cha Chai

Fundi Mbwambo aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akategea sikio kama daktari juu ya kifua:
"Huu haubebi kitu, dada. Paa limelala kwingine.
Huu ulijengwa kutenga tu."

Kutenga tu.

Nyumba hii ni kahawa iliyogeuka saruji.
Msimu mmoja bei ilikubali,
babu akashuka kutoka Kibosho, akajenga hapa Majengo
vyumba vinne, na baraza la kukaribishia watu.
Sakafu yake nyekundu nimeibakiza.
Waliniletea vigae vya mfano, vinang'aa kama meno ya bandia.
Nikapiga magoti, nikasugua nta kwa kipande cha sweta,
wekundu ukapanda polepole
kama damu inaporudi usoni.

Nimebakiza nondo za madirisha, zilizopindwa mfano wa jua linachomoza.
Nimebakiza mlango wa mkamfa: mchwa hufika kizingitini,
wakanusa, wakageuza.
Na mwimo wenye penseli:
Anaeli 1971, Anaeli 1972,
Anaeli 1973, amefupika. Safari hiyo alivua viatu.

Mabomba nimeyang'oa. Nyaya nimezing'oa.
Historia isiwe sababu ya mtu kuogea maji baridi
mwezi wa Julai.

Lakini ukuta.
Baba mdogo Ndesario alipiga simu kutoka Dodoma:
"Ukuta wa mzee unauvunja? Umeona nini huko mitandaoni?"
Sikumjibu.
Yeye alikulia upande huu, upande wa redio,
makochi yenye vitambaa vya kufuma,
wageni wenye maneno mazito na madirisha yanayotazama mlima.
Upande wa pili dari lilikuwa jeusi kama tako la sufuria.
Katika mji uitwao Moshi
moshi wote aliachiwa bibi Aikande.

Katikati palitobolewa kidirisha, upana wa sinia,
cha kupitishia chai.
Mkono ulitokea, ukaweka birika, ukarudi.
Wageni waliufahamu ule mkono.
Waliushukuru.

Nyundo ya kwanza ilipiga saa nne kasoro.
Saa sita Mbwambo akaita, vumbi hadi kwenye kope:
"Njoo uone ubao."
Ubao wa kidirisha, kwa jikoni, ulikuwa umebonyea.
Si mchwa. Si maji.
Kibonde laini, kimelika
kama jiwe la kusagia.

Nikaweka kiwiko. Kikaingia.

Kumbe chai ikishapita alibaki pale, ameegemea,
anasikia bei ya kahawa, nani kauza kihamba,
binti wa nani asipelekwe shule.
Na babu alisifika kwa kutoamua jambo siku hiyo hiyo.
"Niachieni nilale nalo," aliwaambia.
Analala nalo na nani,
hakuna aliyeuliza.

Mbwambo akashika randa. "Niusawazishe?"
Nilipiga kelele mpaka kijana wake akaangusha ndoo.

Sasa ubao umelala juu ya meza ya jikoni,
kati ya jiko la umeme na soketi ya kuchajia simu,
kibonde chake juu, hakuna kilichozibwa.
Mwanga wa upande wa mlima unavuka sebule nzima
hadi kwenye sinki. Ukiosha kikombe asubuhi,
na Kibo akiwa amejisikia,
unamwona.
Alama ya ukuta imebaki sakafuni, mstari wa kijivu
katikati ya wekundu. Nta haiushiki.
Nimejaribu mara tatu, nimeuacha.

Desemba baba mdogo alipanda, kama wote wanavyopanda.
Akasimama juu ya mstari na kofia mkononi,
akitazama huku, akitazama kule,
anatafuta upande wake.
Kisha akakaa, akakohoa kidogo,
akasubiri.

"Birika liko pale, baba mdogo," nikamwambia.
"Na mimi nitakunywa."